Ukuta wa stoo umeangukia gari langu Busia: nani alipe?

Swali: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mama wa biashara hapa Busia, upande wa Uganda, nauza mchele na maharage. Nina Toyota Noah ambayo dereva wangu huitumia kupeleka mizigo Jinja. Wiki mbili zilizopita alikwenda kupakia kwenye stoo moja hapa mjini, askari wa geti akamwonyesha apaki kando ya ukuta wa uzio. Mzigo haukukamilika, gari likalala humo. Usiku mvua ikanyesha, na alfajiri ukuta ukaliangukia. Boneti, kioo cha mbele, taa na rejeta vimekwisha. Fundi ameniandikia shilingi 4,800,000. Aliyekodi stoo anasema ukuta si wake, ni wa mwenye ploti. Mwenye ploti anakaa Kampala, na kwa simu ameniambia mvua ni kazi ya Mungu, tena getini kuna bango kwamba kila mtu anapaki kwa hatari yake mwenyewe. Mimi nina thadi pati tu. Majirani wanasema ukuta ule ulikuwa umeinama tangu mwaka jana. Nina haki yoyote, au ninunue boneti ninyamaze?

Jibu: Pole sana, dada. Umenieleza mambo mengi, lakini kesi yako yote imo katika maneno uliyoyaweka mwishoni kama nyongeza: kwamba ukuta ulikuwa umeinama tangu mwaka jana. Ukiweza kulithibitisha hilo, mvua, bango na simu ya Kampala havitakusumbua sana. Ukishindwa, utabaki na vifusi na wakili wa kumlipa.

Kwa hiyo kabla sijagusa sheria nikuulize: vifusi bado vipo? Wiki mbili ni nyingi. Mwenye ploti mwenye akili huita vijana na mkokoteni siku ya pili, matofali mazuri yakapangwa pembeni, mabovu yakamwagwa kwenye shimo, na ukuta mpya ukaanza kupanda. Hapo kitu pekee kilichokuwa na uwezo wa kuzungumza kwa niaba yako kimefukiwa. Nenda leo, na dereva, na mtu mwenye simu inayopiga picha safi.

Usipige picha ya gari peke yake, kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Gari lililopondeka linathibitisha kwamba limepondeka, basi. Piga picha ya ukuta. Anza na sehemu iliyobaki imesimama, kwa sababu mara nyingi nayo imeinama upande uleule. Simama mwisho wake, uitazame kwa urefu kama fundi anavyotazama mbao, upige. Kama unaweza, ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka juu ya ukuta na upige picha inayoonyesha nafasi kati ya uzi na tofali la chini. Kisha tafuta nyufa. Ufa mpya ni mweupe au mwekundu safi ndani yake, kama tofali lililovunjwa asubuhi hiyo. Ufa wa siku nyingi ndani yake mna vumbi jeusi, ukoga wa kijani, utando wa buibui, wakati mwingine hata mzizi wa nyasi. Weka sarafu ya shilingi 500 pembeni mwa ufa ili upana wake uonekane, halafu piga karibu. Picha hiyo moja, ya ukoga ndani ya ufa, hakimu ataielewa bila kuelezwa.

Ukiwa hapohapo, shika kipande cha kifusi mkononi. Kimeshikana kwa saruji, au kinamomonyoka kama keki kwa sababu fundi alitumia udongo akapaka saruji juu juu? Nguzo zilikuwepo katikati, au ukuta ulikwenda mita nyingi bila kitu cha kuushika? Kama upande wa pili ardhi iko juu zaidi, yaani ukuta ulikuwa pia unazuia udongo, angalia kama uliachiwa matundu ya kutolea maji chini. Ukuta unaozuia udongo bila matundu hubeba uzito wa udongo pamoja na maji yote yaliyonyweshwa na mvua, na mwisho wake huwa huo uliouona. Angalia tena kama jirani amechimba mtaro au msingi kando ya mguu wa ukuta. Hilo linaweza kumwingiza mtu wa tatu kwenye hesabu, na ni afadhali ulijue wewe kabla mwenye ploti hajakuibukia nalo mahakamani.

Halafu watu. Hao majirani wanaosema umeinama tangu mwaka jana, wanasema wapi? Kwenye kibanda cha chai? Chukua majina na namba za simu za wawili au watatu walio tayari kulisema mbele ya hakimu. Uliza kama kuna aliyewahi kumwambia msimamizi wa ploti, lini, na akajibiwa nini. Uliza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, kama malalamiko yalifika kwake. Na fika ofisi ya injinia wa manispaa, wanaoshughulikia udhibiti wa majengo, uulize kama ploti hiyo iliwahi kupewa notisi ya kutengeneza au kubomoa. Ukipata karatasi ya namna hiyo yenye tarehe ya kabla ya ajali, nakuhakikishia sauti ya Kampala kwenye simu itabadilika.

Polisi nao. Ulienda? Kama hukwenda, nenda hata sasa. Wa barabarani watakuambia hii si ajali ya barabarani, na ni kweli, gari lilikuwa limezimwa ndani ya uzio. Usibishane nao. Nenda kaunta, eleza, tukio liandikwe, uondoke na namba ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo. Karatasi hiyo haimtii mtu hatiani. Inathibitisha tu kwamba uliripoti tukio hili na siku uliyoripoti.

Sasa sheria. Wewe upo Busia, kwa hiyo utanielewa haraka: ukivuka geti la mpaka hatua chache tu, Kenya wana sheria iliyoandikwa mahususi kuhusu wajibu wa anayemiliki au kushikilia jengo kwa watu wanaoingia humo. Sisi huku tunakwenda na sheria ya mazoea tuliyorithi kwa Waingereza, ile iliyoingizwa rasmi tarehe 11 Agosti 1902, pamoja na yale ambayo mahakama zetu zimejenga juu yake. Katika sheria hiyo, anayeingia mahali kwa shughuli inayomfaidisha mwenye mahali, kama dereva wako aliyekuja kupakia mzigo, analindwa kuliko aliyeruhusiwa tu kupita, na mbali sana kuliko aliyeruka ukuta usiku. Mwenye mahali anatakiwa kuchukua tahadhari ya mtu mwenye busara ili mgeni huyo na mali yake wasidhurike na hatari ambayo yeye anaijua au angepaswa kuijua.

Angepaswa kuijua. Hapo ndipo kesi za namna hii hushinda au hufa. Mwaka 1926 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Noble dhidi ya Harrison: tawi la mti lililoning'inia juu ya barabara lilikatika, likaangukia gari la abiria. Mwenye gari akashindwa. Kwa nini? Tawi lilikuwa na kasoro ya ndani ambayo hata mtu makini asingeiona kwa kuutazama mti, na mwenye shamba hakuijua. Maamuzi ya Uingereza hayafungi mahakama zetu, lakini mahakimu wetu huyasoma na kuyafuata mara nyingi. Ndiyo maana nakusumbua na ukoga na nyufa. Tawi laweza kuoza moyoni huku gome linang'aa. Ukuta haufichi hivyo. Unapasuka, unatoa tumbo, unainama miezi, watoto wakienda shule wanauonyesha kidole. Usipoziba ufa utajenga ukuta: wazee wetu waliisema kama methali, na mbele ya hakimu ndiyo hoja yako karibu neno kwa neno. Mwenye ploti aliona ufa, au hakujisumbua kuja kuuona kwa sababu anakaa Kampala. Kukaa Kampala si utetezi.

Kuna pia kanuni nyingine inayoweza kukubeba: kuna matukio yanayojieleza yenyewe. Ilianzia kwenye kesi ya Byrne dhidi ya Boadle ya mwaka 1863, ambapo pipa la unga lilidondoka kutoka dirisha la juu la duka la mfanyabiashara wa unga huko Liverpool, likamwangukia mpita njia. Hakuweza kusema nani alilisukuma wala kamba ipi ilikatika. Majaji wakasema mapipa hayaruki dirishani yenyewe. Mwenye duka ndiye aeleze. Kuta nazo hazilali chini bila sababu. Lakini usiingie mahakamani ukiitegemea kanuni hii peke yake. Mwenye ploti akileta sababu nyingine yenye mashiko, kama ule mtaro wa jirani, kanuni inaishiwa nguvu na unarudi kwenye ushahidi wa kawaida.

Tuje kwa Mungu, maana ndiye aliyesingiziwa. Utetezi wa kazi ya Mungu upo kweli kisheria, lakini ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Unamfaa mtu aliyepatwa na jambo la asili lililo nje ya kawaida kabisa, ambalo tahadhari ya kibinadamu isingelizuia. Mafuriko ya Mbale ya mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuzoa watu na magari, mtu angeweza kusimama mahakamani akajaribu kuyaita hivyo. Mvua ya usiku mmoja Busia, msimu wa mvua, mji ambao hewa ya Ziwa Victoria inaufikia kila siku? Hapana. Mjenzi wa ukuta Uganda anajua kwamba mvua itanyesha Machi hadi Mei, tena Septemba hadi Novemba. Mwaka 1917 jumba la malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliikataa hoja hii katika kesi ya Greenock huko Uskochi, ingawa mvua ya siku hiyo ilikuwa kubwa ya kutajwa. Wewe tafuta jambo rahisi zaidi: tembea mtaa ule uhesabu kuta nyingine za uzio zilizonyeshewa na mvua ileile na bado zimesimama. Piga picha tatu, nne. Kama Mungu aliuchagua ukuta mmoja tu, hakimu atataka kujua ule mmoja ulikuwa na nini.

Bango la getini linawatisha watu kuliko linavyostahili. Maswali ni matatu. Dereva aliliona au angeweza kuliona kabla hajaingia? Kesi ya Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking ya 1971 ilihusu mtu aliyechukua tiketi kwenye mashine ya maegesho London. Masharti yalikuwa yamebandikwa ndani, kwenye nguzo. Mahakama ikasema mapatano yalikamilika alipochukua tiketi, na sharti unaloonyeshwa baadaye halikufungi. Pili, bango linasema nini hasa? Lipige picha, herufi kwa herufi. Maneno ya kujikinga hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika, na yakitatanisha, aliyeyaandika ndiye anayeumia. Mengi ya mabango haya yanalenga wizi wa redio na vioo vya pembeni, hayasemi popote kwamba mwenye mahali hatawajibika hata kwa uzembe wake mwenyewe. Tatu, dereva hakujichagulia pa kupaki. Askari alimwonyesha pale, chini ya ukuta ulioinama. Muulize dereva askari alisema maneno gani, uyaandike leo kabla hayajachanganyika na hadithi. Kama alisaini daftari getini lenye masharti yaliyochapwa juu, niambie, maana saini hubadilisha mambo.

Na uwe tayari kwa swali la upande wa pili: dereva naye hakuuona ukuta umeinama? Mahakama inaweza kugawa lawama, ikakata sehemu ya fidia kwa uzembe wa aliyeumia. Aliyeingia jioni kwa mara ya kwanza na kuelekezwa na askari hana cha kuogopa. Aliyekuwa akipakia hapo kila wiki na kuutania ukuta kwamba siku moja utalala, huyo ana la kujibu. Usimfundishe uongo; jua tu jibu lake mapema.

 

Nani sasa umshtaki, aliyekodi au mwenye ploti? Kisheria swali ni nani alikuwa na mamlaka juu ya mahali penyewe, na jibu linaweza kuwa wote wawili. Aliyekodi stoo ndiye mwenye biashara, geti na kwa kawaida askari. Yeye ndiye aliyekualika na kukuelekeza. Mwenye ploti ndiye mwenye ukuta, na Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inamtaka kwa jumla aweke alichokipangisha katika hali nzuri. Mkataba wao wa upangaji ndio utakaosema matengenezo ya uzio ni ya nani, nao hawatakuonyesha kwa hiari. Usijaribu kuamua ugomvi wao. Waandikie wote wawili barua ileile, kila mmoja aone nakala ya mwenzake, uone wanavyoanza kuelekezeana vidole kwa maandishi. Mara nyingi ni humo mpangaji anaandika, ili ajinasue, kwamba alimwambia mwenye ploti kuhusu ukuta zaidi ya mara moja. Hiyo barua itunze.

Jina kamili la mwenye ploti lipate kabla ya kuandika. Kama ardhi ina hati, ofisi ya ardhi ya kanda itakutafutia kwa ada. Kama haina, mwenyekiti wa LC1 anajua. Kama ni kampuni, tafuta usajili wake URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni. Nimeona kesi ikitupwa kwa sababu aliyeshtakiwa ni msimamizi aliyekuwa akikusanya kodi tu.

Upande wako nawe, kadi ya gari ina jina la nani? Nauliza kwa sababu magari mengi ya biashara hapa yanaendeshwa miaka huku logbuku ikiwa bado na jina la muuzaji wa Kampala. Si mwisho wa dunia; mwenye gari mikononi kihalali anaweza kumdai aliyeliharibu. Lakini weka tayari mkataba wa mauziano na risiti za malipo, maana hilo ndilo swali la kwanza la wakili wa upande wa pili anapokosa jingine.

Pesa. Shilingi 4,800,000 za fundi ni kile tunachokiita hasara halisi, na mahakama zetu ni kali hapo: lazima itajwe kipengele kwa kipengele na kuthibitishwa vizuri. Kesi inayotajwa kila siku ni Kyambadde dhidi ya serikali ya wilaya ya Mpigi, ya 1983. Ilisema pia kwamba uthibitisho si lazima uwe wa karatasi peke yake, lakini usitegemee hilo. Makadirio ya fundi mmoja kwenye karatasi ya daftari hayatoshi. Mwambie avunje hesabu, kwa mfano: boneti 900,000, kioo cha mbele 650,000, taa ya kulia 450,000, rejeta 600,000, bampa na grili 500,000, kunyoosha na rangi 1,700,000. Kisha pata makadirio ya gereji nyingine mbili, zenye muhuri, moja ikiwezekana ya Jinja au Tororo ili asiseme ni mafundi wako. Na kabla ya yote, gari lifunguliwe mbele. Noah iliyopigwa na tofali kwa juu inaweza kuwa imepinda mahali pasipoonekana, na kondensa ya kiyoyozi imekaa mbele ya rejeta. Kama rejeta imekufa, hiyo nayo iangaliwe.

Ukitengeneza, risiti zote zitunze, hata ya boda aliyekuletea taa kutoka stendi. Gharama ya kulivuta gari hadi gereji nayo inadaiwa.

Siku ambazo gari halikufanya kazi nazo zina thamani, ila hapa wafanyabiashara wetu hujiumiza wenyewe kwa kutokuwa na daftari. Ukisema gari lilikuwa linakuingizia 80,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva, hakimu atauliza umejuaje. Toa daftari la safari za miezi mitatu ya nyuma, ujumbe wa malipo ya simu, vitabu vya wateja wa Jinja. Kama ulikodi gari jingine kuokoa oda, risiti ya kukodi ni bora kuliko hesabu yoyote. Na jua kwamba una wajibu wa kupunguza hasara. Huwezi kuliacha gari gereji miezi 6 ukihesabu 80,000 kila siku kama mtu anayefuga ng'ombe. Ukiwa na uwezo wa kulitengeneza, litengeneze baada ya kukusanya ushahidi, udai ulicholipa. Ukiwa huna uwezo, sema hivyo katika barua yako ya kwanza ili isionekane umebuni baadaye.

Thadi pati yako haitakusaidia. Bima hiyo ya lazima inahusu watu wanaoumia au kufa kwa sababu ya gari lako barabarani. Haigusi bati la gari lako mwenyewe. Angekuwa mtu mwenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lake mwenyewe, ningemwambia aripoti kwa kampuni yake siku hiyohiyo, asimsamehe mwenye ukuta kwa maandishi, kwa sababu kampuni ikishamlipa huvaa viatu vyake na kumfuata mwenye ukuta. Lakini uliza upande wa pili: mwenye ploti au mwenye stoo ana bima ya jengo au ya madhara kwa watu wengine? Stoo kubwa zenye mkopo wa benki mara nyingi zimelazimishwa kukata bima. Mtu ambaye hatatoa hata shilingi mfukoni mwake anaweza kuwa mpole ghafla akikumbuka kwamba kuna kampuni ya kulipa.

Barua ya madai iwe fupi. Usitukane, usimlaani, usitaje watoto wako. Hivi inatosha:

"Tarehe fulani alfajiri, ukuta wa uzio wa ploti yako uliangukia gari langu namba fulani, lililokuwa limeegeshwa hapo kwa maelekezo ya askari wa geti ili kupakia mchele. Ukuta huo ulikuwa umepasuka na kuinama tangu mwaka jana, ulijua au ulipaswa kujua, na hukuutengeneza. Ninadai shilingi 4,800,000 za matengenezo kama zilivyoorodheshwa katika makadirio yaliyoambatanishwa, pamoja na hasara ya siku ambazo gari halifanyi kazi. Usipolipa ndani ya siku 14 nitafungua kesi bila kukuandikia tena, na gharama zake nitakudai."

Iandikie pia Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya mahakama na barua hii siku moja itakuwa kielelezo. Mpelekee mkononi, asaini nakala. Akikataa kusaini, aliyeipeleka aandike nyuma saa, mahali na kilichotokea. Picha na WhatsApp ziwe nyongeza, zisichukue nafasi ya karatasi.

Wengi hulipa hapa, au angalau huja mezani. Wakija, kaeni kwa mwenyekiti wa LC1 na mashahidi, na ndiyo maana nilisema gari lifunguliwe kwanza: usisaini kwamba umelipwa kila kitu halafu wiki ijayo fundi agundue kwamba chesisi imepinda. Kama mwenye ploti ataomba kulipa kidogo kidogo, kubali, ila aandike na kusaini kwamba anakiri kudaiwa kiasi fulani na atalipa tarehe fulani na fulani. Kuna siri ndogo hapo. Utaratibu wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za 2011, unachukua madai yasiyozidi shilingi milioni 10, mawakili hawasimami, na mambo huenda haraka. Lakini umelengwa kwa madeni, bidhaa na kodi za nyumba. Dai la ukuta uliokuangukia halikai vizuri humo. Deni aliloliandika na kulisaini mwenyewe linakaa vizuri sana. Kwa hiyo hata akikuvunjia ahadi, karatasi ile imekupunguzia safari.

Asipokuja mezani, 4,800,000 pamoja na siku zilizopotea ni ndani ya uwezo wa hakimu wa daraja la kwanza, ambaye tangu marekebisho ya 2007 husikiliza hadi shilingi milioni 20. Hakimu mkuu hufika milioni 50. Ifungue Busia, tukio lilikotokea, mwenye ploti asafiri yeye. Kabla ya kusikilizwa mtapelekwa kwenye usuluhishi, ndivyo kanuni za 2013 zinavyotaka, na hapo tena kesi nyingi za magari huishia. Kwa uharibifu wa mali una miaka 6 tangu siku ya tukio, lakini usikae nayo. Shahidi wa kibanda cha chai huhama. Angeumia dereva, dai lake la mwili lingekuwa na miaka 3 tu.

Na kama ukuta ungekuwa wa shule ya serikali, hospitali ya wilaya au manispaa yenyewe, hesabu ingekuwa nyingine: notisi ya siku 45 kabla ya kushtaki, na miaka 2 tu ya kufungua kesi ya uzembe. Nawaandikia hili wengine mliosoma hadi hapa, maana kuta za shule zetu nazo mnazijua.

Uliuliza kama ununue boneti unyamaze. Boneti nunua, gari lirudi barabarani. Ila ile iliyopondeka usimwachie fundi wala mwenye skrepa, pamoja na rejeta na ile taa. Zifunge kwenye gunia, uzitupe nyuma ya stoo yako ya mchele, na juu ya gunia uandike namba ya gari na tarehe. Anayekuambia mvua ni kazi ya Mungu hapendi kuonyeshwa alama ya tofali lake kwenye bati.